Jumamosi za Mhoja Ufukweni Luchelele

"Uko wapi, Mhoja?"

"Kazini, Buzuruga. Kuna mteja anasubiri spea. Nitakupigia."

Tereza alikata simu, akarudi kwenye video aliyotumiwa asubuhi ile. Mwanamke alikuwa amesimama ziwani, maji yamemfika kiunoni, mikono yake imembeba mwanaume aliyelala chali juu ya maji huku amefumba macho. Mwanaume huyo alikuwa Mhoja, mchumba wake, aliyekwisha kuahirisha harusi yao mara mbili bila sababu ya kueleweka.

Video haikutumwa na mmbea. Aliituma Odeta, mwalimu wa kuogelea, akiomba kutangaziwa tena darasa lake la bure la watoto pale Luchelele. Watu wa Mwanza walikuwa na mazoea hayo. Ngoma ikichezwa Kisesa, picha za kuchora zikionyeshwa Butimba, vijana wakijitolea kuzoa taka Mto Mirongo, habari ilianzia kwenye ukurasa wa Tereza, Mji Wetu. Odeta hakumjua mchumba wa Tereza. Alichagua tu video aliyoiona nzuri.

Tereza aliirusha. Chini yake akaandika:

"Wazazi, kabla hamjapeleka binti zenu Luchelele, mtazameni mwalimu anavyowakumbatia waume za watu."

Mji ukawaka.

"Kumbe ndiyo maana ni bure."

"Mwanangu hakanyagi tena huko."

Mhoja alipiga simu, hakupokelewa. Akapiga tena. Mwishowe akapata ujumbe:

"Nimeona kazini kwako kuna maji mengi. Harusi basi."

Siku chache baadaye namba ngeni ikampigia Tereza.

"Naitwa Odeta. Yule mwalimu wa kuogelea."

"Unataka nini kwangu?"

"Uje Luchelele Jumamosi uone ulichofanya. Sikuiti tugombane."

Tereza alikwenda, na moyoni alikwenda kugombana. Alikuta ufukwe mtupu. Madumu ya kufundishia watoto kuelea yalikuwa yamerundikwa kando ya mawe, Odeta ameketi karibu nayo. Mbali kidogo alisimama Mhoja.

"Watoto wako wapi?" Tereza aliuliza.

"Makwao. Wewe ndiye uliyewarudisha. Kuna binti alikuwa ameanza kuelea peke yake. Mama yake alikuja kumvuta mkono, akaniita malaya mtoto anasikia."

"Na huyu uliyekuwa umembeba?"

"Muulize mwenyewe. Kila siku namwambia akamweleze mchumba wake. Sikujua mchumba ni wewe."

Mhoja alisogea taratibu, kama mtu anayeitwa barazani.

"Mama yangu hakufa kwa malaria, Tereza."

"Unasema nini?"

"Tulikuwa kwenye mtumbwi wa abiria, dhoruba ikatupindua. Nilikuwa mdogo. Nilipata dumu la kushikilia, yeye hakupata kitu. Tangu siku hiyo sijapanda chombo cha majini."

Tereza alimtazama. "Ndiyo maana kwenda Sengerema unazunguka na basi, wenzako wanavuka kwa kivuko cha Kamanga."

"Ndiyo maana. Halafu baba yako akasema binti yake ataolewa nyumbani, kisiwani Ukerewe. Kila tarehe ikikaribia usingizi unanipotea, naahirisha. Siku moja nikaona kwenye ukurasa wako kwamba huku wanafundisha kuogelea. Nikaja kuomba wanichanganye na watoto."

"Ungeniambia."

"Ningeanzia wapi? Wewe umezaliwa katikati ya maji."

"Kila mwaka naenda na wewe kanisani kumwombea mama yako, na sijui hata alikofia. Huo ni uongo mkubwa, Mhoja."

"Ni mkubwa. Na wewe umenihukumu mbele ya mji mzima kabla hujaniuliza swali moja."

Kila mmoja alikuwa na haki yake, na haikumsaidia.

"Mapenzi yenu mtayamaliza wenyewe," Odeta alisema. "Watoto wa hapa wanaamka na ziwa mlangoni na hawajui kuelea. Mtaa huu umeshazika zaidi ya mmoja. Nani atanirudishia wanafunzi wangu?"

"Nitaifuta ile video."

"Futa. Imeshafika kwenye kila simu."

Tereza alikaa juu ya jiwe, akafungua kamera, akaenda hewani.

"Nilisema uongo juu ya mwalimu huyu. Sikuuliza, nilikuwa na wivu. Kosa ni langu, si lake."

Habari ya mama hakuigusa, haikuwa yake kuisema. Mhoja mwenyewe ndiye aliyeingia kwenye kamera akaisimulia.

Kisha Tereza akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kwenye mlango wa yule binti, mama mtu alimpima kwa macho.

"Wewe ndiye wa mtandaoni? Mabaya uliyasema umekaa kwako, mazuri unayaleta kwa miguu?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Alifikiri kidogo. "Ataenda. Lakini na wewe ukae pale ufukweni mpaka amalize."

Tereza alikaa. Jumamosi baada ya Jumamosi alikaa juani na mataulo ya watoto magotini, Mhoja akipiga mbizi zake fupi za woga bila kumsemesha. Wakati mwingine Tereza alimpa taulo. Alilipokea, akashukuru, akaondoka.

Tereza akachoka kungoja. Akaandika:

"Nimeongea na baba. Amekubali ndoa ifungwe Mwanza. Kama bado unanitaka."

Jibu lilikawia mpaka akaificha simu chini ya mto.

"Mwambie mzee asihangaike. Nitakuja Ukerewe. Ila usinisubiri kanisani, nisubiri gatini."

Siku ya harusi alisimama gatini Nansio, huko Ukerewe, na shela lake, shangazi zake wakinung'unika kwamba bibi harusi hafuati bwana bandarini. Meli ilifunga kamba. Mhoja alishuka akiwa ameshikwa mkono na Odeta, uso umempauka, jaketi la kujiokolea la rangi ya machungwa limefungwa juu ya suti.

"Umefikaje?" Tereza aliuliza.

"Nimefumba macho njia nzima."

"Bwana harusi avue hilo dude," shangazi alisema. "Ataharibu picha."

"Mwacheni nalo, shangazi. Atalivua mwenyewe akiwa tayari."

Wakaingia nalo kanisani. Padri alimtazama Mhoja kidogo, akamtazama Tereza, akafungua kitabu, akaanza misa.