Hedifoni ya Waya Uliokatwa

Rafiki yangu Patient, wa kambi ya wakimbizi, upande wa Rubondo, alizaliwa mbishi. Alikusanya hedifoni za kizamani na kuzitundika ukutani, kama wengine wanavyotundika picha za arusi. Mwaka 2009 alikwenda mjini Mbarara kununua mbegu za maharage, akarudi na hedifoni nzito ya jeshi aliyouziwa mtaa wa Nyamityobora na mke wa askari. Waya wake ulikuwa umekatwa.

Alipoivaa, mchana kweupe, akasikia mchi ukitwanga sombe, majani ya muhogo. Kila pigo la tatu lilitoka zito, bila mlio. Akautambua: kinu cha mama yake kilikuwa na ufa, na mama alibaki kwao Fizi siku waliyokimbia vita.

“Tupa hiyo kitu,” alisema Orpa, mkewe, alipomweleza. “Na usiitike. Kwetu hatuitikaka sauti yenye haina mutu.”

“Nilikimbia nyumba, nikakimbia shamba. Sauti siikimbii.” Kisha akasema kwa nguvu, “Mama, tuko huku Rubondo, fasi ya pompi ya maji.”

Mchi ukanyamaza. Zikaanza hatua za miguu mitupu.

Wiki tatu alizisikiliza zikija. Siku moja mpini wa pompi ya maji ukalia ndani ya hedifoni, kisha humo humo akasikia sauti ya Orpa, hafifu, kama inavyomfikia mtu aliyesimama nje ya mlango: “Patient, toa hiyo kitu.”

Akageuka. Orpa alikuwa ameketi kando yake, ndiyo kwanza amefunga mdomo.

“Aje,” akasema Patient, akakataa kuivua. “Ni kwake.”

Masikioni mwake vidole vikapapasa mbao za mlango, polepole, vikitafuta komeo.