Miwani ya Kuvukia Lubunga

Mama Gracia, muuza makayabu wa soko la Mangobo, anasema aliona kwa macho yake mawili: Malika alimshika mwanaume uso kwa mikono yote miwili, mchana kweupe, na mwanaume yule akafumba macho kama mtoto anayenyonya. Tena anasema walibaki hivyo mpaka samaki wake wa chumvi wakaanza kuita nzi.

Nzi, alikuwa nao kila siku. Lakini uso, ndiyo, Malika aliushika.

Meza ya Malika iko jirani na ya Mama Gracia. Anauza miwani: ya jua, ya kusomea, na kikapu kimoja cha miwani ya kuogelea ambacho watu walikuwa wanakipita wakicheka. Siku ile alikuwa amevaa liputa ya kitenge cha rangi ya chungwa na kitambaa cha kichwa cha rangi hiyo hiyo, anafuta vioo taratibu, wakati kijana mmoja mwenye mabega mapana alikuja moja kwa moja mpaka kwenye kikapu. Alikuwa na alama mbili nyekundu, za mviringo, kuzunguka macho.

"Nani amekupiga, ndeko?" Malika akauliza.

"Miwani." Kijana akacheka. "Ninakaza mpira sana juu maji isiingie. Na inaingia tu! Jumapili hii tuko na shindano, tunavuka mto mpaka Lubunga. Kichwa itapasuka mbele ya kufika."

"Basi wacha kukaza. Leta uso."

Hakufikiri. Alichukua jozi moja, akaacha mpira uning'inie, akambandika vioo machoni na kusukuma kidogo kwa vidole gumba. Ikaanguka. "Hii hapana. Pua yako iko pana." Ya pili ikamuuma kwenye nyusi. Ya tatu, yenye ukingo laini, ilinyonya ngozi polepole, ikabaki peke yake, bila mpira, bila mkono. Lakini mikono ya Malika ilikuwa bado pale. Mashavu ya kijana yalikuwa na joto la jua. Kelele za soko zikaenda mbali, kama mtu amefunga mlango.

"Inauma?"

"Ata kidogo," akajibu kwa sauti ndogo. "Miye naitwa Émile."

Émile alikuwa mtoto wa mto, wa Yanonge, anapakia mizigo kwenye baleinière, zile mashua ndefu za mbao. Miwani ya aina ile ilikuwa na vioo vya rangi mbili, vyeusi, na vyeupe kama maji. Akachukua nyeusi kwa sababu ya jua, na juu yake namba ya simu ya Malika.

Simu zikaanza. Asubuhi: "Chérie ya miwani, umelala vizuri?" Jioni: "Leo nimeogelea, sikusikia kama nimevaa kitu. Nilisikia tu vidole vyako." Malika alicheka akifunika mdomo na kitambaa ili papa yake asisikie. Papa Yunus alikuwa amekwisha kusema: binti yangu hataolewa na mtu wa mtoni. Lakini usiku ukiingia, mto ulipita ndani ya usingizi wa Malika, mpana, wa rangi ya chai, na yeye akielea juu yake bila kuogopa.

Alhamisi Émile akapiga tena. "Kuna shida. Na hii nyeusi sioni ng'ambo vizuri. Mto unakuvuta kando. Ukiinua kichwa, lazima macho ishike kitu. Na miye nitakuwa na mutu wangu ng'ambo. Lazima nimuone."

"Mutu gani?"

"Utajua tu," akasema, akicheka.

Malika akakata simu. Hakupokea tena. Kumbe Émile alikuwa anatengeneza macho ya kumtazama mwanamke mwingine.

Jumamosi Émile akaja mwenyewe, shati jeupe, viatu vimepigwa rangi. "Malika, nimekukosea nini? Simu inalia mpaka inachoka."

"Unataka nini, mteja?"

"Mteja! Mama Gracia, umesikia?"

"Musiniingize," Mama Gracia akasema, akisogeza kiti chake karibu.

"Bon. Nataka ile nyeupe."

Ilibaki moja tu, chini kabisa ya kikapu. Malika angeweza kusema imeuzwa, na mtu wa ng'ambo angebaki kivuli ndani ya kioo cheusi. Vidole vyake viliigusa, vikaiacha, vikaigusa tena. Akaitoa. Akaifuta vizuri kuliko zote.

"Vaa mwenyewe."

Émile akavaa. "Alors, tuijaribu. Chukua simu yako, tembea. Nitakuambia nikikupoteza."

"Miye ni punda wako?"

"Tembea tu, mama. Nakuomba."

Akatembea, simu sikioni, akimpa mgongo.

"Nakuona. Umepita mama wa pondu. Unatembea na hasira, mabega iko juu."

"Angalia miwani, si mabega."

"Umefika kwa washonaji. Na ile nyeusi ningekuwa nimekupoteza. Endelea."

Rangi za vitambaa zilimpita pande zote, polepole, kama maji. Alifika kwenye baiskeli za toleka zinazongoja abiria. Akauliza: "Na huyo mutu wako, kesho atavaa nini?"

"Sijui. Bado sijamuuliza kama atavuka na pirogue kunisubiri. Nimeogopa. Lubunga yote itamuona, na habari itafika kwa Papa Yunus mbele yetu. Donc ni yeye wa kuchagua. Lakini akivaa ile rangi ya chungwa, nitamuona toka katikati ya mto."

Malika akasimama.

"Umesimama," Émile akasema. "Nakuona muzima, mpaka ncha ya kitambaa. Kitu kimoja tu sioni, uso. Kama ni ndiyo, geuka. Kama ni hapana, endelea kutembea. Nitaelewa."

Kengele za baiskeli zililia kushoto na kulia, zikimwambia asogee. Hakusogea. Alisikia pumzi ya Émile sikioni, karibu sana, kama vile soko lote halikuwa katikati yao.

"Malika," sauti ikasema. "Geuka basi."