Mkiitwa Msiitike

Fundi mageti alizima pikipiki pale barabara ilipoishia. Jua lilikuwa linajificha nyuma ya milima. Mkewe alishuka, maua kifuani. Walikuwa wanahamia mbali, na mama hakutaka kuondoka bila kumuaga mtoto.

Zamani hapa palikuwa na kitongoji cha mpakani: maduka, nyumba za wageni, foleni ya malori yakingoja kuvuka. Usiku mmoja wa mvua mlima ukameguka. Wao wawili walikuwa mjini, wamekwenda kununua vitambaa, maana mke ni fundi cherehani. Binti yao, waliyezoea kumwita Kipusa, alibaki na bibi yake. Kulipokucha hapakuwa na kitongoji. Palikuwa na tope tu. Hakuna aliyepatikana.

Mzee mmoja aliyekuwa akirudisha mbuzi aliwatazama kwa huruma.

"Wekeni maua, mwondoke," alisema kwa sauti ya chini. "Na mkiitwa, wanangu, msiitike."

"Tukiitwa na nani, mzee?"

Mzee akawaswaga mbuzi wake.

Walikanyaga nyasi tupu. Hata tofali moja halikuonekana. Hata wadudu hawakulia. Kisha ikaja harufu... mafuta ya taa na udongo uliolowa, ilhali mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi.

"Mama..."

Mke aliganda.

"Mama... njoo unifungulie."

Sauti ilitoka chini.

Chini ya nyayo zao.

Mume vinyweleo vilimsimama. Akamziba mkewe mdomo kwa kiganja. "Si yeye," alinong'ona. "Mke wangu, nakuomba. Si yeye."

"Mama, kwani hunitaki tena?"

Machozi ya mke yalimtiririkia mume vidoleni. Kisha akamng'ata.

"Abee!" alipiga kelele. "Abee, mwanangu! Nipo!"

Halafu, taratibu:

"Baba?"

Mume alifumba macho. Akauma meno, akamkokota mkewe mpaka kwenye pikipiki, sauti ikiwafuata nyuma... "Baba?... Baba?"... mpaka mngurumo wa injini ukaimeza.

Nyumbani, mke hakulia tena. Hilo ndilo lililomtisha mumewe kwanza. Akakataa kuhama. Akashona gauni dogo la mtoto wa umri ule ule aliokuwa nao Kipusa. Kila asubuhi aliamka na miguu yenye tope, na kila siku alizidi kukonda, huku akitabasamu. Giza likianza kuingia, chumbani aliitika, "Abee," kisha akanong'ona, akacheka, akakemea kwa upole kama mama yeyote. Mume alitega sikio mlangoni mpaka shingo ikamuuma. Alisikia sauti moja tu. Ya mkewe.

Jioni moja uvumilivu ulimwishia. Akasukuma mlango.

"Anasema nini?"

Mke alimtazama kwa huruma.

"Anauliza kwa nini baba yake hakuitika."

Fundi alitoka nje, haoni anapokanyaga. Akasimama uani kati ya mageti ambayo hayajapakwa rangi, uso ameuelekeza kule milimani.

"Naam," alisema. Sauti ikamkatika. "Naam, mwanangu. Baba yupo."

Hakuna aliyekuwa amemwita.

Lakini kule ndani, mkewe alikatiza maneno katikati, kama mtu aliyeambiwa asubiri.