Kizingiti cha Mnazi

Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya mikarafuu pale Nabhan alipotoka kwenda kutafuta fundi wa nne.

Gari lake, Austin jeusi, lilikuwa njiani kutoka Mombasa, na hakuwa na pa kulilaza. Nyumbani lisingefika, maana kati ya nyumba yake na barabara pana bonde la matope. Kwa hiyo banda lilitakiwa likae huku barabarani, peke yake, na liwe la mawe. Watu walicheka chini chini kwamba chuma kinajengewa mawe na wao wanalala kwenye udongo na makuti. Nabhan alijua wanacheka. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa raha yenyewe.

Mahali pale palikuwa na kibanda cha Bi Mwanapili, mkunga mzee aliyekaa katika ardhi ile tangu enzi za baba yake Nabhan. Nabhan alikibomoa asubuhi moja, chungu kikiwa bado motoni. Bi kizee hakulia. Alihamia jikoni kwa kaka yake, akaomba kitu kimoja tu: mnazi mdogo uliokuwa nyuma ya kibanda usiguswe.

"Mngoje mkeo arudi," alimwambia. "Muulize yeye mti uno wa nani."

Mkewe, Zuweina, alikuwa Unguja akimuuguza mama yake. Nabhan aliyaona maneno yale ni tusi. Mwanamume mzima angoje mwanamke aje amwambie mti uliomo katika ardhi yake ni wa nani? Na mkunga ana siri gani isipokuwa za uzazi, mambo ambayo mwanamume kuyauliza ni aibu? Hakuuliza.

Mafundi watatu walikuwa wameshakuja. Wa kwanza alichimba msingi hadi adhuhuri, akaenda kusali, hakurudi hata kuchukua sururu yake. Wa pili alisingizia mgongo. Wa tatu ndiye aliyesema kweli: kila akiukaribia mnazi ule alisikia harufu ya mzazi aliyetoka kujifungua, harufu ya damu mbichi na mafuta ya nazi. Nabhan alimtukana mpaka akachoka mwenyewe.

"Nabhan..."

Wito ulitoka kwenye kiwanja cha banda, alipokuwa akikipita. Hakuitika. Pemba mtoto hufundishwa mapema kwamba ukiitwa magharibi, usiitike mpaka umwone anayekuita. Alisimama mpaka akamwona. Mtu mrefu, kanzu imechujuka, amekaa juu ya rundo la mawe na mwiko wa uashi mapajani.

Alijitaja kuwa ni Silima, fundi wa kisiwani Makoongwe. Alikuwa amesikia kwamba bwana anatafuta fundi wa kutegemewa. Yeye kazi akiianza haiwachi, na malipo watazungumza ikisha.

"Na mti uno?" aliuliza.

"Ukate."

"Ushauliza?"

"Nimuulize nani? Ardhi yangu, mti wangu. Ukate, uufanye kizingiti cha juu cha mlango."

Silima alitabasamu.

"Haya. Umesema weye."

Alfajiri shoka likaanza. Ko... ko... ko...

Nyumbani, Thuraiya, binti wa pekee wa Nabhan, alikuwa akinywa uji. Aliliweka bakuli chini taratibu, akajishika tumbo.

"Baba," alinong'ona, "kitovu changu kinavuja."

Nabhan alimfunua nguo. Mtoto alikuwa na miaka saba, lakini kitovu kilikuwa kibichi na kinatoka damu, kama cha mtoto aliyezaliwa jana.

Aliletwa tabibu, akakifunga kitambaa, akaondoka akitikisa kichwa. Nabhan alisikitika, ndiyo, lakini furaha ya kumpata fundi ilikuwa kubwa zaidi. Jua halijachomoza, Silima yupo. Hagusi chakula, hatoki jasho, hazungumzi. Kuta zilipanda zimenyooka, na kadiri zilivyopanda ndivyo Thuraiya alivyozidi kuwa mzito. Miguu ikawa baridi kwanza, kisha kiuno. Moza, dada yake Nabhan, aliyezoea kumbeba kwa mkono mmoja, akashindwa hata kumgeuza kitandani. Midomo ya mtoto ilipasuka, ikatoka unga mweupe.

Chumba kizima kilinuka chokaa mbichi.

Siku kizingiti kilipopandishwa, Thuraiya aliacha kusema.

Siku hiyo hiyo, jioni, Zuweina alifika kutoka bandarini Mkoani. Banda hakulitazama. Alitazama nyuma yake.

"Mnazi uko wapi?"

Ndipo alipomwambia mumewe yaliyotokea miaka saba nyuma. Uchungu ulimshika njiani, mvua inanyesha, bonde limejaa, na Nabhan yuko Mombasa. Thuraiya alizaliwa ndani ya kibanda kile. Bi Mwanapili alikizika kitovu chake nyuma ya kibanda, akapanda nazi juu yake, wakue pamoja. Lakini marehemu mama yake Nabhan aliona haya mjukuu wake kuzaliwa kwenye udongo wa mpangaji, akawaapisha wote wasimwambie mtu mpaka Nabhan mwenyewe aulize.

Zuweina akakimbia nyumbani kumwona mwanawe. Nabhan akamkimbilia fundi. Silima alikuwa anaosha mwiko wake.

"Bomoa," Nabhan alimwambia. "Nakupa utakacho. Bomoa sasa hivi."

"Mie hujenga, Bwana. Kubomoa, tafuta fundi mwengine."

Akaondoka bila haraka, wala malipo hakuyataja.

Nabhan alichukua nyundo, akaupiga ukuta kwa nguvu zake zote. Ng'ambo ya bonde Thuraiya akapiga kelele ya mtu anayevunjwa mfupa. Akapiga tena. Kelele ikaja tena. Nyundo ikamponyoka.

Bi Mwanapili alikuwa anapita na mzigo wa kuni kichwani. Alisimama akalitazama banda, juu mpaka chini.

"Limekutokea zuri," alisema.

Adhana ya magharibi ilikuwa inamalizika. Kisha juu ya mlango, ndani ya kile kizingiti, sauti ndogo ikaita.

"Baba..."

"Mwitikie," alisema Bi Mwanapili. "Mwanao yule. Ataka kujua kama upo."

Nabhan alifungua mdomo. Sauti haina uso. Magharibi imeingia. Woga aliofunzwa utotoni ukamrudia, akaufunga mdomo.

"Baba..."

Hakuitika.

Mara ya tatu sauti haikumwita yeye.

"Bibi..."

"Abee, mwanangu," akaitika Bi Mwanapili, kwa upole.

Hapo hapo, ng'ambo ya bonde, Zuweina akaangua kilio. Bi Mwanapili akaenda zake. Mkono mmoja ulishika kuni. Mwingine ulining'inia upande, vidole vimekunjika kama vimeshika mkono wa mtoto.

Makoongwe walipoulizwa, walisema hawana fundi wa jina hilo. Gari lilikuja, likalala mvuani mpaka likashika kutu. Na kila magharibi Nabhan hukaa chini ya kizingiti kile, akisema, "Naam, mwanangu. Naam. Nipo."

Hajaitwa tena.