Mgongo wa Rispah Umejaa

Joy alimweka mtoto wake kwa mgongo wa mama yake, Rispah, akavuta leso amfunge, na mtoto akateleza. Akamweka tena. Akateleza tena, akilia kama amesukumwa.

"Ati mgongo wa nyanya haukutaki wewe?" Joy alicheka.

Rispah hakucheka. Alikuwa amekubali kupasuliwa uti wa mgongo ili tu aweze kumbeba mjukuu huyu.

Na bado alikuwa anaumwa, kwa hivyo wakarudi hospitalini Kitale, alikopasuliwa. Daktari akaangalia picha, akasema vyuma viko imara, mfupa umeshika. "Na mahali unaumwa, mama, si mahali tulikata."

Kweli. Kovu lilikuwa katikati. Maumivu yalikuwa pande mbili za kiuno, kama visigino vidogo vinapiga, pa, pa, vikitaka kubembelezwa. Na ile harufu ya maziwa yaliyochacha, hata akitoka kuoga.

Wakapitia kwa Chelagat, mama wa maombi. Aliweka kiganja pale kiunoni, akakitoa haraka kama ameshika jiko.

"Hapa kumekaa mtu," alinong'ona. "Jini la kubebwa. Linapewa mtu akiwa amelala kama maiti, hawezi kukataa. Ulipopasuliwa, nani alikaa na wewe?"

"Dadangu Viola. Alinifunika na leso yake."

Kisha Rispah akakumbuka. Viola, mwenye duka kubwa Bungoma, alikuwa ametembea ameinama miaka na miaka. Siku ile alitoka wodini amenyooka, na watu wakasema ni furaha.

"Aliyekupa ndiye apokee," Chelagat alisema. "Mgongo kwa mgongo."

Viola aliitwa aje nyumbani kwa Rispah, Bokoli, Chelagat na Joy wakiwepo. Hakukana. "Si mgongo wako ulikuwa umeharibika tayari? Nikasema hutasikia tofauti."

"Viola, mama alipokufa nilikubeba na mgongo huu huu."

Viola akageuka, akainama. Migongo ikagusana, Chelagat akaanza kuomba, na kitu kikatambaa kutoka kiunoni mwa Rispah hadi mabegani, kikipumua, kikinuka maziwa, kikitafuta pa kushika, na kilipoachilia tu, Viola akaruka kando, na nyuma ya Rispah sasa alikuwa Joy, ameinama kuokota leso ya mtoto iliyoanguka.

Rispah akanyooka. Hakuna maumivu. Viola alikuwa ameshafika kwa geti, anakimbia kama msichana.

"Mama," Joy aliita polepole, bado ameinama, na mtoto wake amelala pale kwa kiti. "Ni nani ananipiga na visigino?"