Nyota ya Kona ya Kushoto

Kila akitoka shule, Chiriku alifagia studio ya mama yake, akapanga viti vya wateja wa picha za pasipoti, kisha akaketi mbele ya kompyuta. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Wiki ile, hata hivyo, alikuwa kimya.

Mama yake, mpiga picha hodari, alikuwa anapofuka. Daktari hakumficha: kabla ya mwaka kwisha angekuwa gizani. Kabla ya hapo alitamani kuona kitu kimoja tu, picha ya nebula, wingu la gesi lililo mbali kati ya nyota. Alikuwa ameipiga mwenyewe kwa darubini, juu ya paa. Kwanza alitumia kichujio chembamba, kinachopitisha mwanga mwekundu wa gesi peke yake. Hicho kilimpa wingu. Kisha akatumia vichujio vya rangi, chekundu, cha kijani na cha buluu, ili nyota nazo zipate rangi zao halisi. Kuziunganisha picha hizo alimwachia bintiye.

Masikini, Chiriku alikuwa amezifuta picha za rangi kwa bahati mbaya, akitafuta nafasi ya michezo yake kwenye kompyuta. Badala ya kusema, alijitia hamnazo, akazipaka nyota rangi za kubahatisha.

"Mama, iko tayari."

Mama alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Alitazama kwa muda mrefu.

"Nyota hii ya kona ya kushoto ni ya rangi ya chungwa, naijua tangu ujana wangu," alisema. "Lakini mimi naiona buluu. Wewe unaionaje, mwanangu?"

Chiriku alijibu haraka, "Ya chungwa, mama."

Mama alirudi kitini akipapasa. "Basi rangi nazo zimeniaga. Zima mashine. Kesho mwambie mjomba wako aje aichukue darubini, sina tena cha kutazama."

Chiriku aliangua kilio. "Ni buluu, mama. Niliipaka mimi. Za rangi nilizifuta."

Chiriku alisubiri kuchapwa.

"Kufuta ni ajali, tungepiga nyingine," alisema mama. "Lakini hivi karibuni wewe ndiye utakuwa macho yangu. Ukinidanganya, nitapotea hata humu ndani. Usiseme unachodhani nataka kusikia. Sema unachokiona."

Walipiga upya picha za rangi kabla mawingu ya mvua hayajafunga anga. Wingu la gesi walilitoa kwenye kichujio chembamba, nyota kwenye vichujio vya rangi, wakaviunganisha pamoja. Kufikia siku picha ilipokamilika, mama aliona vivuli tu.

"Ya kona ya kushoto?"

"Ya chungwa, mama."

"Na ile ndogo pembeni yake?"

Chiriku aliikazia macho. "Sijui. Imefifia mno, siwezi kusema."

Mama alimshika mkono. "Hapo sasa naiona," alisema.