Amri Tupu

Giza lilikuwa linaanza kuingia Bibi alipokivua kifaa cha sikio la kulia na kumkabidhi mjukuu wake.

"Kaangalie haka kadude kako, fundi wangu. Nikinyamaza, kenyewe kanapumua."

"Si pumzi zako hizo, Bibi?"

"Zangu nazijua. Za kizee hizi, zina mluzi."

Mjukuu alicheka, lakini moyo wake haukucheka. Chipu ya kuchuja sauti iliyokuwa ndani ya kifaa kile, pamoja na pacha wake aliyebaki sikio la kushoto, alikuwa ameichomeka mwenyewe kabla majaribio hayajaisha. Alitamani mno Bibi asikie tena. Akarudi kazini mbio.

"Dakika moja tu, kaka," alimwambia mlinzi.

"Dakika zenu mafundi huzaa!"

Chumba cha majaribio kilijengwa kumeza sauti. Kuta za sponji, mlango wa chuma, simu haishiki mtandao. Alivaa hedifoni, akailisha chipu ukimya mtupu. Kikiingia kimya, kitoke kimya.

Hhh... hhh...

Pumzi. Kasoro hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote cha chipu ile. Akafanya wanachofanya mafundi wote chipu ikijikwaa: katikati ya amri zake akapachika amri tupu, isiyofanya kazi yoyote, ili chipu ipate nafasi ya kutulia. Pumzi zikarefuka. Akapachika nyingine. Na nyingine.

Chipu ikasema.

"Nimemaliza, kaka. Funga."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Leo dakika moja imekuwa moja kweli!" mlinzi akacheka ndani ya hedifoni. "Haya dada, usiku mwema."

Ko!

Komeo lilianguka mlangoni, nyuma ya mgongo wake.

Aliupiga mlango kwa ngumi. Akaupiga kwa viatu. Akaita mpaka koo likakauka, na kuta zikameza yote. Akarudi mezani, akazifuta amri tupu moja baada ya nyingine. Wapi! Aliyekwisha kupewa nafasi haombi tena.

"Hodi, Bibi..." sauti ile ile yake ikabisha ndani ya hedifoni.

"Karibu, mama. Umerudi upesi! Mbona mikono baridi hivyo?"

Ilikuwa sauti ya Bibi, kutoka nyumbani. Chipu haikuwa na waya wala mawimbi ya kufika nyumbani. Lakini kama pacha wa huku alisikia ya kule, huenda na mwenzake wa kule angesikia ya huku. Akachomeka kipaza sauti.

"Bibi! Niko kazini, nimefungiwa! Huyo si mimi! Toka nje, Bibi!"



Kiti kikatoa mlio, kama cha mtu anayejisogeza nyuma. Kisha Bibi akanong'ona:

"Mjukuu wangu... mbona unalia sikioni mwangu, nawe umeketi hapa?"

"Ni hicho kifaa, Bibi," sauti yake ikajibu, taratibu, kwa upendo. "Kinakusumbua. Hebu sogea, nikuvue."

"Usimruhusu! Bibi!"

Khrr... khrr...

Ukucha ulikuwa unapapasa sikio, ukikitafuta.